Nilivyolipeleka Jina la Mama Yangu Lagos

Tangu nirudi, baraza yangu haijapumzika. Kaja Mwajabu, kaja Sharifa wa nyumba ya pili, kaja hata Mzee Kondo ambaye magoti yanamsumbua, na kila mmoja ana swali lake. Mlikula nini? Mlilala wapi? Ni kweli watu wa kule hawahesabiki? Nikimaliza kumsimulia mmoja anaingia mwingine, naanza upya, chai inapoa. Basi nikasema nitaandika, Mwajabu asome kwa sauti, wengine mtulie. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka. Habari za hati ya kusafiria na foleni zake nazipita, sitaki kuzikumbuka.

Kwanza mjue nilifuata nini. Binti yangu Zuhura aliolewa na Wasiu, yule mfanyabiashara wa vitambaa aliyekaa Kariakoo miaka sita, kisha wakahamia kwao Nigeria. Mtoto wa kwanza, Kabiru, jina lilitoka upande wa baba. Sisi mnajua mpango wetu: wa kwanza wa kwao, wa pili wa kwetu. Huyu wa pili ni wa kike, zamu ni yetu, na mimi jina ninalo.

Jina ni Mwamvua, la mama yangu mzazi. Liliwahi kupewa mtoto wa dada yangu Tatu, na yule mtoto akakaa siku ishirini akaondoka. Toka hapo kila nikilitaja jina hilo watu wanatazama chini. Nina wajukuu na vitukuu thelathini na mmoja, nawajua wote kwa majina, na hakuna hata mmoja ukiita Mwamvua akaitika. Nikifa mimi, nani atalitaja?

Mtasema ningepiga simu tu. Jina la marehemu halitumwi kwa simu, jamani. Unamshika mtoto, unamtamkia mwenyewe. Na sikumwambia Zuhura ni jina gani, maana nilijua ataogopa. Niliona bora nimtazame machoni.

Tatizo, mtoto hakungoja. Alizaliwa Alhamisi, wiki mbili kabla ya siku zake, na kule jina hutolewa siku ya nane. Kwa hesabu yao hiyo ni Alhamisi ya pili, asubuhi. Jina likishatolewa, limetolewa. Na sisi ndege yetu ilikuwa Jumanne.

Kisarawe hadi Misugusugu, kwa gari la mihogo

Jumatatu nilipata lifti kwa Shabani, mtoto wa marehemu Mwinyimkuu, aliyekuwa anapeleka mihogo. Aliniweka mbele kama bibi harusi. Tukashuka Pugu, Gongo la Mboto, tukakatia Kinyerezi mpaka Mbezi, halafu barabara kubwa.

Nilikaa dirishani nikitafuta mahali ambapo Dar es Salaam inaishia. Zamani ukitoka Mbezi kulikuwa na mikorosho, ukiona nyumba unaulizana ya nani. Safari hii nyumba, duka, nyumba, msikiti, gereji, nyumba, Kibamba, Kiluvya, tukaingia Kibaha sijaona pengo.

"Shabani, hapa bado Dar?"

"Hapa Pwani, bibi. Tumeshavuka mpaka kitambo."

"Mpaka uko wapi?"

"Kwenye kibao. Hukukiona? Kuna mtu alikuwa ameegemeza pikipiki."

Wifi yangu Mwanaisha, dada wa marehemu mume wangu, anakaa Tangini, na ndiye niliyekuwa nasafiri naye. Lakini Shabani hakusimama Tangini. Mihogo ilikuwa inasubiriwa Misugusugu, kwa hiyo tulimpita wifi amesimama barabarani anapunga mkono, nami nikampungia, tukaenda zetu. Mpaka leo ananuna.

Misugusugu, Shabani anashusha magunia, mimi nimekaa na kikapu cha visheti mapajani. Mkono mrefu ukaingia dirishani ukakichomoa. Kutazama, Masanja, yule Msukuma anayeuza maziwa.

"Masanja! Rudisha visheti vya mjukuu wangu!"

"Mjukuu ana siku nne. Atatafuna kwa fizi zako?" Tayari anatafuna yeye.

"Nakwenda Lagos mimi. Kwa ndege."

"Mzaramo kwenye ndege! Watakupima pamoja na mizigo. Na ule mji una watu wengi, bibi, ukianza kuwauliza majina utarudi umezeeka."

"Nimeshazeeka, wewe mchunga nyoka."

"Basi utarudi kijana."

Alikula nusu ya visheti, kisha akanijazia chupa ya maziwa ya mgando. Ndivyo utani wetu na Wasukuma ulivyo: cha mtani unachukua bila kuomba, na mwenyewe haruhusiwi kukasirika. Nilicheka mpaka Shabani akaogopa kwa ajili ya kifua changu.

Tangini kwa wifi

Wifi Mwanaisha alikuwa mpishi wa shule huko Tumbi miaka mingi, na anasema alijifunza Kiingereza kwa kuwasikiliza walimu wakisubiri chakula. Ndiyo sababu nilimchukua. Shabani aliponirudisha kwake nilimkuta amefunga sanduku tangu juzi, na ndani yake kuna kinu.

"Wifi, kinu cha nini?"

"Utatwangia nini mchuzi wa mzazi? Nchi ya watu ile."

"Nchi ya watu haina vinu?"

"Haina hiki."

Jioni ile jirani zake walikuja kutuaga, wakaanza kubishana kama Kibaha ni Dar au si Dar. Mmoja akasema Dar ina watu milioni tano na zaidi, mwingine akasema hao ni bila sisi, tukiongezwa sisi ni mji mwingine kabisa. Mimi nikawakumbusha karani wa sensa alipokuja kwangu. Aliuliza nani amelala hapa, nikamtajia, na nilipofika kwa mama akasema, "Bibi, huyo amelala hapa?" Nikamwambia ndiyo, nyuma ya nyumba, tangu miaka hiyo. Kijana wa watu akafuta machozi ya kicheko akasema hao hatuwaandiki. Wote wakacheka, nami nilicheka. Ila nilipolala nililifikiria neno lile.

Addis Ababa, siku mbili badala ya usiku mmoja

Kuruka hakuna kitu cha kusimulia. Unakaa, masikio yanaziba, unaletewa kuku mdogo. Wifi alisoma dua zote anazozijua kisha akaanza tena mwanzo.

Tulitakiwa tulale Addis, tuondoke Jumatano asubuhi. Jumatano asubuhi tukaambiwa ndege ya Lagos ina hitilafu, mpaka kesho. Kesho ni Alhamisi! Nikamwambia wifi apige simu.

"Mama," Zuhura akasema, "siku ya nane haisogezwi. Kondoo yuko tayari, alfa, shehe wao, ameshaalikwa, watu wanatoka hadi Ibadan."

"Waambie wanisubiri."

"Nitawaambia. Lakini Mama, si nyumba yangu peke yangu."

Tangu hapo moyo wangu ulikuwa mkononi. Walitupeleka kwenye chumba cha chakula, wakatuletea sinia limefunikwa mkate laini wenye matundu, kama chila kubwa. Kuonja, mchachu. Wifi akamwita mhudumu, akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba chakula hiki kimelala. Yule binti akaitikia kwa heshima, akaondoka, akarudi na blanketi mbili. Tukajifunika, maana kulikuwa na baridi kweli. Baadaye tukaambiwa uchachu ule ndio utamu wake. Mimi nilimaliza.

Sasa fedheha yangu. Meza ya pili alikaa bwana mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, anazungumza na simu, na nikasikia Kiswahili cha bara, kizito. Nikasema huyu Msukuma, Mungu kaniletea mtani. Nikainuka kimyakimya, nikachukua mkate wenye siagi kutoka kwenye sahani yake, nikauma.

"Mama! Mukate yangu! Sababu gani unakamata mukate yangu?"

"Nyamaza, mtani. Kwenu mmeacha lini kula ugali?"

"Mutani gani? Miye niko muntu wa Lubumbashi!"

Watu wote wakageuka. Mkate uko mdomoni, kumeza siwezi, kutema siwezi. Wifi akajifunika blanketi mpaka kichwani, akijifanya hanijui. Ikabidi nikae nimweleze yule bwana, jina lake Ilunga, mambo yote ya Wazaramo na Wasukuma, na Masanja, na visheti. Alinisikiliza hadi mwisho uso umekaza. Halafu akanyoosha mkono, akachukua kikapu changu, akala visheti vitatu.

"Basi," akasema, "sasa tuko batani."

Siku nzima tulikaa naye. Yeye anaishi Kinshasa, na pale palikuwa na mzee mmoja wa Kairo anayekwenda Lagos kama sisi. Wakashikana hao wawili kuhusu mji upi mkubwa Afrika. Mzee wa Kairo anasema Kairo, watu milioni ishirini na zaidi. Ilunga anasema hiyo ni pamoja na vijiji vya jirani, Kinshasa yenyewe inaipita. Wifi akadakia kwamba tunakokwenda, Lagos, wenyewe wanasema ndio wakubwa. Mzee wa Kairo akasema Lagos wengine huitaja milioni kumi na tano, wengine ishirini na kitu, kutegemea nani anasema.

"Ninyi Kinshasa," nikamuuliza Ilunga, "mlihesabiwa lini?"

Akajikuna kidevu. "Zamani, mama. Zamani sana. Sasa banakadirisha tu."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuwepo na asijulikane yupo."

"Wengi, mama."

"Na aliyekufa wakaendelea kumhesabu."

"Huyo pia yuko." Akacheka. Nami kwa mara ya kwanza siku ile niliona afueni kidogo, sijui kwa nini.

Lagos ambayo haiishi

Alhamisi tuliondoka asubuhi, tukashuka Lagos mchana. Mkwe wangu Wasiu alikuwa pale, kanzu yake nyeupe imekunjamana, akapiga magoti mbele za watu kunisalimu. Kwao ndivyo kijana anavyomwamkia mkubwa, wengine hulala kifudifudi kabisa. Wifi alipoona akaniambia sikioni, "Huyu hata kama angekuwa mwizi ningempa mke."

"Shikamoo Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha Kariakoo. "Poleni sana na safari."

"Marahaba, baba. Jina limetoka?"

Akachukua sanduku, lile lenye kinu, akaguna. "Mama, twendeni kwanza. Tutazungumza nyumbani."

Hapo nikajua.

Barabara, jamani. Magari yamesimama kama yamepandwa. Katikati ya magari wanapita watu wanauza mikate, vioo, taulo, panya wa kuchezea, kamusi, dawa ya mende, mmoja kabeba meza kichwani. Ukitaka kununua unanyoosha kidole, wanakuja wanakimbia pembeni ya gari mpaka umalize kuchagua. Wifi alinyoosha kidole kumwonyesha Wasiu jengo, tukajikuta na watu wanne dirishani wanatuuzia ndizi za kukaanga. Tukanunua. Tamu.

Kila mara nauliza, "Bado Lagos?" Wasiu anasema bado. Saa nzima, bado. Saa ya pili tukapita mahali akasema, "Sasa tumetoka Lagos, hapa ni jimbo jingine, Ogun."

Nikatazama nje. Nyumba, duka, msikiti, gereji, nyumba.

"Wanaokaa hapa wanafanya kazi wapi?"

"Lagos, Mama."

"Na ukiwauliza wanakaa wapi?"

"Wanasema Lagos."

"Wifi," nikasema, "tumeletwa Kibaha." Wasiu alicheka mpaka akakanyaga breki. Lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Mowe, siku yenyewe

Kwao panaitwa Mowe. Tulipofika, turubai lilikuwa bado limefungwa, viti vimepangwa, wanawake wenye nguo za sare wanaosha masufuria. Harufu ya wali mwekundu na nyama. Shughuli imekwisha tangu asubuhi.

Mama yake Wasiu wanamwita Alhaja, kwa kuwa amehiji. Ni wa rika langu, mnene, sauti kubwa. Alinikumbatia mpaka nikapotea kwenye kilemba chake. Nikaletewa maji, wali, nyama ya kondoo, bagia za kunde wanazoziita akara. Sikugusa. Zuhura akaja na mtoto, akamweka mikononi mwangu. Mdogo, nywele nyingi, ngumi imefungwa.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

Zuhura akatazama chini. "Aminat. Omolara. Titilayo. Abosede. Ibironke..."

"Nimeuliza mtoto mmoja."

"Ni wake yote, Mama. Kila mkubwa ametoa lake."

Nilishaandaa maneno ya kusema siku ile, kuhusu zamu, kuhusu haki ya kuumeni na kukeni. Nilikuwa nimeyarudia tangu Kisarawe. Nikayaanza: wa kwanza wa kwenu, wa pili wa kwetu, mngetusubiri. Wasiu alikuwa anamfasiria mama yake, na kadiri anavyofasiri, ndivyo Alhaja anavyokunja uso, si wa hasira, wa mtu asiyeelewa. Mwishowe akasema neno refu.

"Anauliza," Wasiu akasema, "zamu ni kitu gani. Anasema hapa hakuna zamu. Kila mwenye mtoto ana jina la kumpa. Walikuwa wanashangaa kwa nini bibi yake wa pili hajatuma lake. Mahali pako papo, Mama. Alfa alisema ukifika utatoa."

Nikabaki na hotuba yangu mdomoni kama ule mkate wa Ilunga.

"Tatu," nikamwambia Zuhura, na huwa namwita hivyo nikitetemeka, jina la dada yangu linanitoka, "jina ni la bibi yako. Mwamvua."

Zuhura akashika kifua. "Mama. Si lile la mtoto wa mama mkubwa?"

"Ndilo."

"Alikaa siku ngapi?"

"Ishirini. Na bibi yako aliyelitumia kabla yake alikaa miaka themanini na zaidi, akazaa tisa, na wewe alikubeba mgongoni."

Zuhura alikuwa analia bila sauti, anamtazama mtoto. Nikasema moyoni, akikataa nitakubali, huyu ni mtoto wake. Alhaja akamvuta Wasiu amwambie kuna nini. Akaambiwa. Akakaa karibu na Zuhura, akaongea taratibu, mkono juu ya goti lake.

"Anasema," Wasiu akasema, "jina la bibi yake walipewa watoto wawili wakafariki. Wa tatu akapewa hilo hilo. Yule pale." Akaonyesha mwanamke mmoja mkubwa aliyekuwa anasugua sufuria na kumfokea mtu. "Mama yangu mdogo. Hafi yule, tumesubiri sana."

Zuhura akacheka kati ya machozi. Akanirudishia mtoto vizuri, kichwa upande wangu. "Mtamkie, Mama."

Nikamtamkia sikioni mara tatu.

Alhaja akauliza maana yake. Nikamwambia aliyezaliwa wakati wa mvua. Akapiga makofi: na wao wanalo, Bejide, ni hilo hilo, tuseme Bejide basi! Nikamwambia Wasiu, mwambie mama yako si hilo hilo. Bejide ni zuri, lakini ukiita Bejide mama yangu hasikii.

Alipofasiriwa, Alhaja akageuza kiti chake tukatazamana, akanyoosha kidole kwenye mdomo wangu.

"Muwa," akasema. "Muwa-mu-fu-wa."

"Mwa. Mwa-mvu-a."

"Muwa-muvu..."

"Funga midomo. Mwa-mvu-a."

Na yeye akataka nami niseme yao, maana bibi hawezi kushindwa kumwita mjukuu. Ibironke nililiweza. Omolara nililiweza, lakini kumbe nimepandisha sauti mahali pa kushusha, wale wa masufuria wakaangua kicheko, wakaja kusimama pembeni kutusikiliza. Tulikaa pale vikongwe wawili tunafundishana midomo mpaka wali wangu ukapoa, nikaula umepoa, sahani mbili.

Kuondoka

Tulikaa wiki tatu. Wifi alitwanga kwenye kinu chake kila siku, na alipoondoka alikiacha, Alhaja hakutaka kukisikia kinaondoka. Siku ya ishirini ya mtoto niliamka kabla ya watu wote, nikaenda kumtazama kama anapumua. Nikamkuta Zuhura amekaa macho, naye anamtazama. Niliketi pembeni yake mpaka jua likatoka, na mtoto akaamka akapiga kelele za njaa kama kawaida.

Asubuhi ya safari Alhaja alimwogesha mtoto. Kule uogeshaji ni kazi ya bibi na si mchezo: anamlaza juu ya miguu, anamsugua mafuta, anamkanda viungo, anamshika mkono mmoja anamning'iniza, halafu anamrusha juu kidogo na kumdaka. Mara ya kwanza nilipoona nilipiga ukelele. Sasa nilikuwa nimezoea, nimesimama mlangoni na sanduku wazi.

Alikuwa anamwimbia majina yake, moja kila kiungo. Bega la kulia Aminat. La kushoto Omolara. Goti Titilayo. Goti Abosede. Mgongo Ibironke. Kisha akamgeuza, akampaka mafuta utosini kwa kiganja chote, akafunga midomo yake vizuri kama nilivyomfundisha.

"Mwamvua," akasema. Sawasawa kabisa. Akalirudia, akimtazama mtoto tu, hajui kama nipo.

Nikaingia ndani kufunga sanduku.